Mayai ya Saa Moja Asubuhi

Kwa miaka ishirini na mitatu mpishi mkuu wa hospitali ile aliitwa Mama Mwiko, na jina hilo aliliitikia upesi kuliko lile la kwenye kitambulisho chake. Hakuna sufuria iliyotoka jikoni kwake bila kuonjwa, wala sahani chafu iliyooshwa kabla hajaitazama. Alisimama kando ya karo akikung'uta mabaki kwenye ndoo, kila wodi na ndoo yake.

"Mgonjwa atakusifia chakula kwa sababu ana adabu," aliwaambia wenzake. "Ndoo haina adabu hata chembe."

Ratiba ya chakula ilikuwa kwenye ubao ukutani, juu ya friji, kwa rangi nyeupe na mwandiko wake mwenyewe, tangu mwaka alipopandishwa cheo. Asubuhi chai na mkate. Mchana wali na mboga za majani. Jioni ndipo vilipotoka vinono: maharage, mayai, samaki, nyama. Kwake yeye, mlo wa jioni ndio uliokuwa na heshima, na hakuna mkubwa aliyewahi kuugusa ubao ule.

Kisha wodi ya wazee ikampokea Fundi, mwashi wa miaka sabini na tisa aliyevunjika nyonga. Mfupa ulishika vizuri, ila miguu ikagoma. Wiki za kulala zilikuwa zimeyanyausha mapaja yake, na kila alipotaka kuinuka kitini alijisukuma kwa mikono miwili kama mtu anayetoka shimoni. Mlangoni kwake, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, kulikuwa na ngazi sita. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema wazi mbele ya binti wa mzee: baada ya wiki nane atapimwa. Akiinuka kitini mara tano bila kushika kitu, anarudi kwake. Akishindwa, anakwenda makao ya wazee.

"Ngazi nimezimimina kwa mikono yangu," Fundi alisema, "leo nikaziombe ruhusa?"

Mama Mwiko aliyasikia hayo akiwa na toroli la chakula mlangoni. Naye alijua jambo ambalo faili la mzee halikuwa nalo. Ndoo ya wodi ile ilikuwa nzito kila jioni. Fundi alimega samaki mara mbili tatu, akasinzia na kijiko mkononi. Asubuhi, mzee huyo huyo aliomba mkate wa pili.

Akalipeleka neno hilo kwa mtaalamu wa lishe, msichana aliyeajiriwa mwaka ule, rika la kitinda mimba wake.

"Mama, umeshaiona shida," msichana alisema. "Kuna kitu kinaitwa leusini. Ni mojawapo ya asidi amino, vile vipande vinavyounda protini. Mwili hauwezi kuitengeneza, lazima itoke kwenye chakula. Kwenye msuli inafanya kazi kama filimbi ya msimamizi: ikilia, ujenzi unaanza. Sasa msuli wa mzee una uziwi kidogo, filimbi ndogo hauisikii. Asubuhi na mchana inalia kwa mbali mno, halafu jioni tunampigia tarumbeta mtu aliyekwisha kusinzia."

"Kwa hiyo kosa ni la ubao wangu."

Msichana akatazama meza. "Sikusema hivyo, mama."

"Umesema, mwanangu. Na ndoo ilikutangulia. Hiyo leusini iko wapi?"

"Mayai, maziwa, samaki, nyama, maharage, soya. Unavipika vyote. Tunavihamisha tu, visilundikane jioni."

Muuguzi mkuu wa wodi alinung'unika kwamba wazee watavimbiwa. Daktari akapitia majina, na wawili wenye matatizo ya figo wakabaki na chakula chao maalumu. Mama Mwiko akapanda kwenye stuli na brashi, akafuta mwandiko wake wa miaka yote ile.

"Mama, maharage na mayai saa moja asubuhi?" msaidizi wake aliuliza, akimshikia kopo la rangi. "Hao wazee wana mechi?"

"Wanayo. Mmoja anacheza na ngazi sita."

Siku ya kwanza Fundi aliitazama sahani, akamtazama mpishi. "Nimekosea wodi au umekosea saa?"

Akamweleza habari ya filimbi. Mzee akasikiliza kwa makini, maana hayo yalikuwa mambo ya kazi yake. "Filimbi ikilia na tofali hakuna, mafundi watakaa wapige soga."

"Ndiyo maana sikukuletea filimbi tupu. Tofali zimo humo humo."

"Na wakikosa kazi?"

"Kazi utapewa na mtu wa mazoezi. Kula, mzee wangu, usinihoji."

Wiki ya kwanza alibakiza yai moja. Wiki ya tatu sahani ilirudi nyeupe. Ndoo ya wodi ya wazee, iliyokuwa ikijaa hadi kwenye mpini, ikawa haifiki nusu. Wiki ya tano, kwenye mazoezi, Fundi aliinuka kwa mkono mmoja tu, akatukana kidogo, akaomba radhi, akarudia.

Siku ya kipimo Mama Mwiko alisimama mlangoni, aproni ikiwa bado na unga. Fundi alikunja mikono kifuani. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilimtetemesha magoti. Ya tano mkono wa kulia ulishuka kutafuta kiti.

"Baba, mkono!" binti yake akapiga kelele.

Mkono ukarudi kifuani. Mzee akasimama, polepole, wima kama kuta zake.

Muuguzi mkuu alimpongeza mtaalamu wa mazoezi. "Mimi nilimfanyisha kazi," yule bwana alijibu. "Aliyemletea vya kujengea yuko pale mlangoni." Vichwa vyote vikageuka. Mama Mwiko hakuinamisha chake. Alikiacha juu waone vizuri.

Kabla ya kuondoka Fundi alipitia jikoni, mkongojo ukining'inia mkononi bila kazi. Akaukagua ukuta wa friji, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Lipu hii aliipiga adui yako. Nitarudi niirekebishe, na ubao wako sitaugusa."

"Njoo asubuhi," Mama Mwiko alimwambia. "Asubuhi ndipo kuna chakula."