Swabra na Mbwa Wenye Majina ya Ugomvi

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Magarama, mjini Gitega, Burundi. Swabra amechuchumaa nyuma ya duka la nyama, sufuria ya mifupa iko mbele yake, kamba ameificha ndani ya kanga. Mbwa mwekundu mwenye sikio lililochanika anamtazama kwa mbali. Swabra hamtazami. Anapiga miayo, anakagua kucha zake, anajifanya amekuja kuota jua tu.

"Ukimuangalia, atajua iko kitu unataka," ananong'ona. "Mbwa ni kama mteja. Usimukimbilie."

Mbwa anasogea, ananusa, anakula. Kamba inamwingia shingoni taratibu, hata hashtuki.

"Mama Mbwa!" anaita muuza nyama kutoka dukani. "Leo umepata bwana mpya?"

"Huyu angalau nikimuita anasikia!" anajibu Swabra, na wapita njia wanacheka.

Swabra ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, na kwa hizo watoto wake wanakula. Mambo ya mbwa yalianza pale jike mmoja alipozaa chini ya meza yake ya kukatia vitambaa. Watu wakataka kuwatupa watoto hao wa mbwa bondeni. Yeye akawabeba ndani ya kikapu mpaka kwa Dominiko, daktari wa mifugo. Tangu hapo, Swabra anakamata, Dominiko anawachanja na kuwahasi. Kila mbwa anayetoka hapo anafungwa shingoni utepe wa kitenge, ili watu wajue ana chanjo na wasimpige mawe.

Nyumbani kwake, gauni la kazi hiyo halivuki mlango. Linatundikwa nje, karibu na ndoo ya maji na kopo la udongo. Mate ya mbwa yakimgusa, anaosha mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa madrasa.

"Mwanzo nilimwambia achague, mi ao mbwa," anasema mumewe, Nassoro. "Akaniuliza, usiku nani analinda cherehani, we ao mbwa?"

Lakini kazi ambayo Swabra hachoki kuisimulia ilikuwa mbali na hapa, Butihinda, mkoani Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Mbwa wa huko wanalinda mahindi yasiliwe na nyani. Na hawapewi majina bure. Jina la mbwa ni neno unalotaka jirani alisikie bila wewe kumwambia.

Nazario, mkulima aliyekulia ukimbizini Tanzania, alirudi akakuta shamba la baba yake linalimwa na jirani, Sebastiani. Likagawanywa nusu kwa nusu, na salamu zikaishia hapo. Nazario akafuga dume, akamwita Nimerudi. Sebastiani akafuga jike, akamwita Tutaona. Kila jioni mmoja alisimama uani kwake akiita kwa sauti kubwa, hata kama mbwa mwenyewe amelala miguuni pake.

Mbwa hawakuwa na ugomvi wowote. Kila msimu Tutaona alizaa, na watoto walitupwa barabarani wakakua bila mwenyewe. Mbwa hao walipoanza kuwauma mbuzi, watu wakaanza kuongea habari ya kuwategea nyama yenye sumu. Swabra, aliyefika huko na Dominiko, alimwomba mkuu wa kilima, kiongozi wa kijiji, siku moja tu, wenye mbwa wawalete wachanjwe na kuhasiwa.

"Niliogopa," anasema. "Wale wawili wasipokuja, wengine hawaji. Na sumu haiulizi mbwa ni wa nani."

Siku hiyo Nazario aliwahi. Kabla ya kumtoa Nimerudi mikononi, aliuliza, "Dada, akihasiwa atabweka kweli?"

"Baba, mbwa anabweka kwa koo. Kule tunakata hakubweki."

Sebastiani alifika mwisho, akimburuta Tutaona. Kwa Swabra, mwenye mbwa humshika kichwa na kumwita jina polepole mpaka dawa ya usingizi imwingie. Lakini Tutaona alijibanza chini ya meza, akamng'akia bwana wake. Dominiko akasema mbwa wa hivyo hawezi kumchoma sindano.

Hapo Emiliana, mke wa Nazario, akasema, "Anamjua mume wangu. Huwa anampa ukoko wa ugali."

Nazario akaangalia chini.

"Baba Nazario, muite," Swabra akamwambia.

"Nimwite nani?"

"Jina lake."

Nazario akachuchumaa, akakohoa. "Tutaona," akasema. "Njoo, mama. Tutaona, njoo."

Mbwa akatoka, akamwekea kichwa mapajani. Nyuma mtu akacheka, kisha wote wakacheka.

"Kumbe ni ugali wako unaniibia mulinzi!" Sebastiani akafoka.

"Mlishe mbwa wako, bwana!"

Yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka, na hakuna mbwa aliyetumwa kuyapeleka. Mchana watu wengine wakaleta mbwa wao mpaka dawa ya Dominiko ikaisha. Habari ya sumu haikutajwa tena.

Alibaki mtoto mmoja wa Tutaona, na Nazario na Sebastiani wote walimtaka. Swabra akawaambia alinde mashamba yote mawili, na jina wakubaliane. "Jina la ugomvi mi sitaki," aliwaonya.

Leo, mbwa mwekundu ameshahasiwa, amelala na kidonda chake kwenye gunia, na Swabra yuko kwenye cherehani, simu inapolia. Ni sauti mbili kwenye simu moja.

"Tulitaka kumuita Swabra," anasema Sebastiani.

"Emiliana akakataa, kasema ni matusi," anadakia Nazario. "Tumemwita Magarama."

"Magarama? Mtaa wangu? Kwa nini?"

"Huku tukimwita kwa nguvu, ujue tunakungoja."

Swabra anacheka mpaka anaweka mkasi chini. Mvua zikiisha, yeye na Dominiko watarudi Butihinda, kisha waende vilima vya jirani. Tepe za kitenge zimeshakatwa, ziko ndani ya kikapu. Anachomoa moja, anaipima kwa vidole.

"Hii ya Magarama," anasema. "Nimeikata ndefu. Atakua."