Shuka Niliyoishona Pande Zote

Nilifika Kitengela juu ya magunia ya vitunguu. Lori lilitoka Loitokitok mchana, likapasuka gurudumu karibu na Emali, tukalala hapo barabarani, na kesho yake nikashushwa sokoni nikinuka vitunguu hadi kwenye nywele. Kabla ya Loitokitok nilikaa Taveta, kabla ya Taveta Voi, na kote huko nilibeba cherehani yangu ya mkono ikiwa imefungwa kwa blanketi. Nilishapita miaka arobaini na sijawahi kuwa na mlango niliouita wangu.

Nikapata kibanda kando ya wauzaji wa mitumba. Mwalimu wa shule ya upili ya karibu alinikuta nikigeuza gauni la harusi kuwa joho la malaika wa Krismasi, akaniomba nimtengenezee maleba ya mchezo wa kuigiza. Mapazia yakawa majoho ya wafalme, koti la mvua likawa ngozi ya mamba. Kazi ile niliipenda kuliko zote nilizowahi kufanya. Halafu mwalimu akaniambia shule ina chumba kitupu, na mkuu wa shule anataka kumpa fundi mmoja wa kudumu. Nilikwenda kukitazama kupitia dirisha. Nikajiambia, hapa nimefika.

Ila nilikuwa na jirani, mama aliyehamia kutoka Matasia, aliyeuza mapazia na vitambaa vya meza. Naye alianza kutengeneza maleba. Mwalimu akatugawia kazi: yeye awavishe wanawake na watoto, mimi niwavishe wazee. Tukirudi kutoka mashindano ya maigizo ya Kajiado, mmoja wetu angepewa chumba.

Beli ya mitumba ikifunguliwa, kuna desturi: nguo ukishaitupa begani ni yako, hakuna wa kuigusa. Nilisukumana na watu hadi bega langu likajaa sketi za shule za Ulaya, nyekundu za mirabaraba. Yeye alisimama pembeni akipiga soga, na watu wakamletea, wakimwita Mathe kama mama yao. "Mathe, shika hii, itakufaa." Mimi sijawahi kupewa hata kifungo.

Kushona hakushona sana. Alikunja, akafunga, akatia pini, na msichana akivaa tu anaanza kutembea kama mama wa watoto sita. Nilihudhuria mazoezi mara mbili, na mara zote macho yangu yalikuwa kwenye nguo zake. Kibandani nilishona nikimsikiliza. Wakicheka kwake, sindano inanichoma.

Nikaapa kwamba vazi langu halitafunguka jukwaani. Nilizifumua zile sketi, nikaziunga kuwa shuka ya mzee wa mchezo, mshono juu ya mshono, bega na ubavu, pande zote. Jirani akaja akaipapasa.

"Fundi, hii umeshona ama umechomelea?"

"Zako zikianguka utaziokota," nikamjibu.

Mwigizaji sikumpa aijaribu hadi asubuhi ya mashindano, jirani asije akaiga.

Kajiado ukumbi ulijaa. Jukwaani mzee akamkuta mtoto ametupwa njiani, akainama avue shuka amfunike. Akavuta. Akavuta tena, pindo likapanda magotini.

"Mzee ameshonewa ndani!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Ukumbi ukaangua kicheko. Huko kwa wafugaji hata mtoto anajua shuka haishonwi. Hufungwa fundo begani, ili iwe nguo, iwe blanketi, iwe kivuli. Nami nilikuwa nimeishi katikati ya watu hao, nikiwapa sopa, salamu yao, kila asubuhi.

Ndipo msichana mmoja aliyevishwa na jirani yangu akafungua fundo la leso yake, akaenda polepole, akamfunika mtoto. Watu wakanyamaza. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele. Shule ikapita kwenye mashindano.

Mwalimu alimshika jirani mkono kwa mikono yake miwili. Mimi akanipigapiga begani. "Pole, fundi. Hutokea."

Siku aliyopewa ufunguo, jirani alikuja kibandani kwangu. "Ndugu yangu, chumba ni kikubwa. Niko na meza, lete cherehani tukae. Kushona mimi si sana, wewe unajua."

Alimaanisha. Kama angejivuna, ningebaki nipambane naye. Lakini kukaa humo, kila anayebisha hodi akimwulizia yeye, na mimi nikisogea kando kumpisha? Nikamwambia nitaona.

Juma lile lori la ng'ombe lilikuwa linarudi Namanga tupu. Nilikuwa napandisha mzigo jirani aliponikuta.

"Unaenda bila kuaga?"

"Si naaga sasa."

"Umekasirika."

"Hapana."

"Umekasirika, fundi. Hata kuniangalia huniangalii."

Nilitaka aushike ule mzigo aushushe chini. Nilitaka pia kile chumba kivuje mvua yote ya Aprili. Kabla sijamjibu, mtu akaita kutoka vibandani, "Mathe! Wateja!" Akageuka kuwafuata wateja, na dereva akawasha injini.