Oili ya Breki Haichakai

"Mguu umezama, Baba Watoto! Nimekanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini kama nakanyaga sponji."

Mke wa fundi magari alisema hivyo mara tatu, amesimama mlangoni mwa gereji ya mumewe, ufunguo wa kibasi mkononi na kiatu kimoja tu mguuni. Cha pili alikiacha ndani ya gari na wala hakujua. Yeye ndiye dereva wa kibasi cha chekechea, mwaka wa saba huo, na hajawahi kukwaruza hata taa. Asubuhi ile, Ijumaa, alikuwa akiteremka ule mteremko mrefu unaotoka hospitali kwenda shuleni, watoto kumi na wanne nyuma. Kulikuwa na foleni, akashika breki njia nzima. Karibu na chini, breki ikapotea. Akaingiza gia ya pili, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akasugua matairi kwenye ukingo wa barabara, kibasi kikasimama hatua nne kutoka kwenye makutano. Watoto wakapiga makofi, wakitaka arudie tena.

Mumewe akajitoa chini ya teksi aliyokuwa akiitengeneza, akajifuta mikono. Huyu watu wote walimwita Daktari. Jina alilipata kwa ile bisibisi yake ndefu: ncha moja anaiweka kwenye injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho, halafu anakutajia ugonjwa. Na alikuwa akipatia, usifanye mchezo! Tatizo lake ni kwamba hakuishia kwenye kutibu, alikuwa na mafundisho. Washa gari, liache lingurume dakika kumi kamili ndipo uondoke. Thamostati, kile kidude cha kudhibiti joto la injini, ni kifaa cha nchi za baridi, kitoe. Alizitoa nyingi mno, akazitunga kwenye waya na kuzining'iniza ukutani kama mkufu wa bibi harusi. Na kubwa kuliko yote, alilolisema huku amekupiga bega: "Oili ya breki haichakai, ndugu yangu. Imefungiwa ndani, itachakaa na nini? Ikipungua ongeza, basi."

Hilo alifundishwa na mjomba wake, marehemu, wakiwa wamelala chali chini ya lori. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa na alimwamini mjomba kuliko alivyowaamini walimu wake wote. Miaka ishirini na sita sasa alikuwa akiyarudia maneno yale, na wateja wakiyapeleka majumbani kwao.

Basi, akakiendea kibasi. Akakanyaga pedali, ngumu kama jiwe. Akakagua mipira yote ya breki, hakuna kinachovuja. Akakizungusha mtaani, akafunga breki za ghafla mara tano mpaka muuza magazeti akamtukana. Kibasi kikasimama vizuri kila mara. Akarudi anacheka.

"Mama Watoto, kibasi kizima. Ulishtuka tu, ukakanyaga vibaya."

"Nilikanyaga vibaya mimi?"

"Hutokea."

Mungu wangu! Mwanamke yule alimtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mara Mwalimu Mkuu wa chekechea akaingia, jasho linamtoka, maana wazazi walikwishaanza kumpigia simu.

"Daktari, niambie ukweli. Gari lina ubovu?"

"Zima kabisa, mwalimu."

"Kwa hiyo ni dereva."

Hapo ndipo pa kusema neno. Mtu ana mke, mke amesimama palepale, amewaokoa watoto kumi na wanne kwa breki ya mkono. Sema neno, bwana! Daktari akainamia sanduku lake la spana, akajifanya anatafuta namba kumi na saba. Mwalimu Mkuu akamgeukia dereva. "Basi mama apumzike. Jumatatu gari litaendeshwa na mtu mwingine. Nimepata kijana, ana leseni mpya."

Jioni ile chakula kililetwa mezani bila neno. Daktari akasifia mboga, mkewe akaondoa bakuli. Akauliza chumvi iko wapi, ikawekwa mbele yake. Alikuwa na uhakika na gari, na bado hakumaliza sahani yake.

Jumamosi asubuhi mapema mkewe akaweka ufunguo mezani. "Panda."

"Niende wapi?"

"Mteremkoni. Nitashika breki vilevile kama jana, juu mpaka chini. Ikikaa sawa, mimi ni mwoga, na nitakuomba radhi mbele ya Mwalimu Mkuu. Panda, Daktari."

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwita Daktari. Akapanda.

Barabara ilikuwa tupu. Walianza pale kwenye geti la hospitali, mkewe akiendesha polepole, mguu juu ya breki bila kuuondoa. Robo ya njia, breki imara. Nusu ya njia, imara. Daktari akajinyoosha kitini. "Unaona sasa?"

"Hatujafika."

Harufu ya moto ikaanza kuingia dirishani. Daktari anaijua harufu ya pedi za breki zilizochemka, si jambo la kumtisha. Wakapita kona ya ukuta mweupe, na hapo, loo! Akauona mguu wa mkewe unashuka. Unashuka taratibu, bila kelele yoyote, mpaka ukagusa sakafu. Na gari linazidi kukimbia.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga tena!"

"Angalia mwenyewe!"

Akainama, akaisukuma pedali kwa mkono wake, mkono uleule unaojua kila boliti ya gari lile. Pedali ikaenda nao mpaka chini, laini, haina kitu ndani.

"Toa kichwa hapo!" mkewe akamfokea, na tayari alikuwa ameingiza gia ya pili, injini inalia, breki ya mkono inapanda pingili moja moja. Kibasi kikahama barabara, kikajichomeka kwenye rundo la mchanga mbele ya nyumba inayojengwa. Kikazimika.

Wakakaa. Daktari akageuka nyuma, akavitazama vile viti vidogo, vitupu, kimoja kimefungwa utepe mwekundu ili mwenyewe akitambue. Akaona watoto wamekaa pale, na kijana wa leseni mpya ameshika usukani. Akafunika uso.

Baada ya kama robo saa, akakanyaga tena pedali. Ngumu kama jiwe.

"Imerudi," akasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Na jana ilirudi. Ndiyo maana ulinicheka."

Wakarudi polepole kwa gia ya kwanza, na kule gereji Daktari akaitoa oili yote ya breki, akaikinga kwenye chupa ya jamu. Ilitoka nyeusi tii kama kahawa ya jana. Akachukua chupa mpya rafuni, akamimina kidogo kwenye glasi kulinganisha: ilikuwa ya dhahabu, unaona mpaka upande wa pili. Alibaki kutazama hii na ile. Mkewe, mtu wa kusoma hata karatasi ya kufungia sukari, akaichukua ile chupa mpya, akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akaigeuza nyuma.

"'Oili hii huvuta unyevu wa hewa. Ikizeeka huchemka upesi na breki hupotea. Badilisha yote kila baada ya miaka miwili.'"

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Yaani imeandikwa? Hapo?"

"Hapa. Kwa lugha yako. Miaka ishirini na sita unaishika chupa hii, hujawahi kuigeuza?"

"Mbele kuna picha ya gari," akasema Daktari. "Nilitosheka na picha."

Siku nyingine wangevunjika mbavu kwa kucheka. Siku hiyo Daktari aliketi juu ya tairi bovu, akaanza kuyahesabu magari. La mkunga. Lile pikapu la mwashi. Teksi tatu za pale stendi. La baba mkwe wake! Yote aliyatibu yeye, yote yana kahawa ile ndani, na wenyewe wametulia kabisa kwa sababu Daktari kasema haichakai.

Alipokwisha kujaza oili mpya kwenye kibasi, alikwenda na mkewe kwa Mwalimu Mkuu, akaziweka zile chupa mbili mezani. "Dereva hana kosa. Kosa ni langu, na jana nilinyamaza nikijua unamdhania yeye." Mwalimu Mkuu aliziangalia chupa, akaangalia dirishani watoto wanapochezea siku za kazi, akaketi. Usukani ukarudi kwa mwenyewe hapohapo. Mkewe alishukuru, lakini Daktari hakumtazama usoni, aliona aibu mno.

Kutoka hapo wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani, jirani yao, mteja wa miaka kumi na tano. Wakamkuta uani anapakia familia garini: mke, mama yake mzazi, watoto wanne na mikeka, wanakwenda kumtembelea shangazi kule chini ya mteremko.

"Usiondoke," Daktari akasema, anahema. "Breki zako. Oili imechakaa, lazima tuimwage yote."

Fundi cherehani akacheka, akampiga bega. "Daktari, leo umeamkaje? Oili ya breki haichakai, ndugu yangu. Imefungiwa ndani, itachakaa na nini?"

Ilikuwa sauti yake Daktari mwenyewe, mpaka lile pigo la bega. Watoto wakaitikia kwa pamoja kutoka kwenye viti vya nyuma, "Ikipungua ongeza, basi!" na bibi yao akaangua kicheko. Daktari akanyanyua chupa ya oili nyeusi. Wakacheka zaidi, wakidhani ni utani mpya. Akaeleza habari ya mteremko, maneno yakamtoka ovyo, nusu yake machozi.

"Mwoneshe ile karatasi ya nyuma ya chupa," akamwambia mkewe.

"Nitasoma tukirudi," fundi cherehani akasema, akaingia garini, akawasha injini. Lakini hakuondoka. Alikuwa mgonjwa mtiifu yule: aliegemea kiti, akatazama saa yake ya mkononi, akaliacha gari lingurume dakika kumi kamili, kama alivyofundishwa.

Daktari akazunguka mbele ya gari, akaketi chini kwenye vumbi, mgongo ameuegemeza kwenye bampa lililopata jua. Mkewe akamtazama, kisha akavua viatu, vyote viwili, akaketi kando yake.

Dakika kumi zilipokwisha, fundi cherehani akapiga honi. Hawakuinuka.