Wifi Yangu Rahila na Homa ya Matumbo

Wifi yangu Rahila alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga, na mimi mwenyewe nimewahi kuuonja. Tulifika Maskati mwaka 1964, tumetoka Unguja na nguo tulizovaa tu, tukapanga vyumba viwili nje ya ukuta wa mji. Kule kwetu alifanya kazi maabara miaka tisa, akipokea damu za wagonjwa kwenye vichupa na kungojea aone kijidudu gani kitaota. Maskati hakuna aliyemuuliza habari hizo. Akawa anashona kofia, na kuninunia.

Mwaka 1967 homa iliingia mtaani. Ilipanda kidogo kidogo. Siku ya saba mtu halijui jina lake, siku ya ishirini anatokwa na damu kwa chini. Ghanim, tabibu wa mtaa, aliwachoma matumbo kwa chuma cha moto kama ilivyokuwa desturi, na baadhi walikufa na vidonda vibichi. Rahila alimzaba kofi mbele ya watu. Mama wa mgonjwa akamrudishia Rahila kwa mwiko, Rahila akaja nyumbani mdomo umevimba. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Kisha akafa Shaikha, binti wa jirani yetu Sleyum, msichana wa kuolewa, akiuma mkono wa mama yake. Alikuwa maiti wa saba. Kila maiti alisomewa hitima, watu wakala, na baada ya siku kumi au kumi na mbili wengine wakalala kitandani. Wakaanza kunong'ona kwamba kuna mchawi anayewachukua watu, kwamba waliozikwa ni magogo tu, wenyewe wamefichwa mahali wakiwa hai. Nami nilisadiki, sioni haya kusema.

Rahila akapita nyumba hadi nyumba. Maji mnateka wapi? Maziwa mnanunua kwa nani? Hitimani mlikula nini? Nyumba moja walimpiga jiwe la paji la uso. Kesho yake akaendelea, kitambaa cha damu kichwani. Kisima kilikuwa kimoja, wagonjwa na wazima wote walikinywea. Wali na nyama walikula wote. Lakini katika wagonjwa kumi na tisa, kumi na saba walikula faluda, na faluda zote alizipika Masouda.

Masouda alikuwa mwenzetu wa Unguja, mjane, mpole mpaka unamwonea huruma. Homa kama hiyo ilimpata melini tukija, akapona, akanenepa. Alikuwa akichemsha maziwa ya faluda na sukari, akiyagandisha kwenye masinia, akiyaonja kwa kidole, akiyakata na kuyapanga kwa mkono. Baada ya hapo moto hauyagusi tena.

"Bado anayo," Rahila aliniambia. "Mzima wa afya, lakini kijidudu kimejificha kwenye nyongo yake. Kila akenda chooni kinatoka naye. Asiwapikie watu, anawe kwa sabuni, basi. Nnakwenda kumwambia mwenyewe, taratibu, asije akavunjika moyo."

Alikuwa anajitanda buibui tuliposikia makelele.

Maswali ya Rahila juu ya faluda yalikuwa yameshawafikia Sleyum na nduguze, nao tuliwakuta wamemburura Masouda kwa nywele mpaka barazani kwa Ghanim. Kanzu yake imechanika, meno mawili yametoka. Sleyum ameshika mchi wa kinu.

"Umemficha wapi binti yangu?" alikuwa akipiga ukelele. "Sema, ama nikupasue!"

Damu ilimjaa Masouda mdomoni. Mchi ukamshukia begani, tukasikia mfupa ukivunjika. Rahila akapenya katikati, akauma mtu, akapigwa teke la mbavu, akasimama tena.

"Si mchawi!" akasema. "Wallahi si mchawi! Ni maradhi, yamo mwilini mwake na mwenyewe hajui. Yanatoka naye, yanapita mikononi, yanaingia kwenye faluda. Msimuue! Asipike tu!"

Sleyum akateremsha mchi. Mimi nikapumua, nikajua Masouda atapona. Ndipo Ghanim aliposema, bila hasira yoyote, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia: "Kama yanapita mikononi, dawa yake tunayo."

Chuma kilikuwa tayari kwenye makaa.

"Siyo mikono! Nimekwambieni siyo mikono!" Rahila alikuwa akilia, akijitupa mbele. Mimi ndiye niliyemkamata kiunoni. Niliogopa watamuua na yeye. Nilimshika kwa nguvu zangu zote, na wanaume wanne wakamshika Masouda, akachomwa viganja vyote viwili. Harufu ile ilinikaa puani mwaka mzima.

Vidole vya Masouda vilijikunja, hakushika tena kisu wala sinia. Mwezi na nusu baadaye hapakuwa na mgonjwa mpya hata mmoja. Mtaa mzima ukasema chuma kimeponya. Rahila aliwaeleza mpaka sauti ikamkauka, wakamwitikia kwa adabu, na Sleyum akatuletea mbuzi wa shukurani.

Mpaka alipofariki mwaka 1970, Masouda alikaa kwetu, na Rahila alimlisha tonge kwa tonge. Mwaka uliotangulia homa ilikuwa imeingia Matrah, mji jirani. Ghanim alikwenda huko akawachoma viganja wapishi watatu, na walipomuuliza elimu hiyo kaipata wapi, alilitaja jina la wifi yangu, kwa heshima zote.