Ubao Niliouosha

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuosha ubao kila nilipokosea. Juzi nilimwona mtoto akifuta daftari lake mpaka karatasi ikachanika, na harufu ya wino wa masizi ikanirudia.

Baba alikuwa amevuka Ruvuma kwenda kujiunga na waliopigana na Wareno. Alipokuwa akiaga aliniambia, "Andika mstari mmoja kila siku, hata ukiwa mbaya. Mwisho utaniandikia barua." Pale kijijini kwetu Mbau, kusini mwa mto, sikuwa na wa kunifundisha, nikajifunza peke yangu kwa kunakili juzuu ya baba kwenye ubao wa mti wa chuoni, wa kusomea Kurani. Herufi moja ikipinda, niliosha zote nikaanza upya. Miezi ikapita bila mstari mmoja kukamilika.

Alasiri moja mjomba, aliyekuwa akipeleka samaki wakavu Mtwara, alisimama mlangoni akinuka papa. Barua ya kumfikishia baba angeificha ndani ya mzigo.

"Karani, unaandika au unafua?" alinitania.

"Bado haijanyooka, mjomba."

"Baba yako anataka kujua tu kama tu wazima," mama akasema.

Nikaosha tena. Niliamini herufi mbaya zingemwaibisha baba mbele ya wenzake, na kwamba barua nzuri ingeenda safari nyingine. Mjomba alihofia askari wa Kireno wangefunga njia, akaondoka bila barua.

Safari iliyofuata alirudi na kofia ya baba na habari za kifo chake.

"Aliiulizia barua yako," akaniambia.

Sasa naandika mstari mmoja kila alasiri, na uliopinda nauacha.