Nilivyomjibia Kaltuma kwa Daktari wa Ulimi

Mwanangu, nianze na upumbavu wangu mwenyewe kabla majirani hawajakusimulia na kuongeza chumvi: niliwahi kuulizwa habari za ugonjwa wa mke wangu, nikazijibu kama mtihani wa kidato cha nne. Na huo mtihani wenyewe sikuupita vizuri.

Nakumbuka asubuhi hiyo Kaltuma, mke wangu, alikuwa amekonda mpaka bangili zinamtoka mkononi. Umri wangu ulikuwa wa mtu mzima, akili ndiyo ilikuwa bado inasoma darasa la nane. Hospitali kubwa ina foleni, na mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka mtaa wetu wa Wabera nikafika mtaa wa pili, Bulla Pesa, najihesabu nimesafiri. Basi nikampeleka huko Bulla Pesa kwa Mchina mmoja mzee, aliyekodi chumba nyuma ya duka la vitambaa. Watu walimwita Daktari wa Ulimi.

Hakuwa na mashine. Kwanza alimtazama Kaltuma usoni mpaka nikaona wivu kidogo. Akamwambia atoe ulimi, akaukagua juu na chini, kama mnunuzi anavyokagua meno ya mbuzi mnadani. Kisha akaulaza mkono wa Kaltuma juu ya kimto, akabonyeza vidole vitatu kwenye mshipa, kushoto halafu kulia, macho amefumba. Ndipo yakaja maswali, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kaltuma alijua Kiborana, Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia sukari tu. Mkalimani nikawa mimi.

"Mama nalala vizuri?"

"Vizuri sana," nikasema. Sikumuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa nalala vizuri.

"Nakunywa maji mingi? Usiku nakojoa mara ngapi?"

Mwanangu, aibu ikanishika. Mwanamume wa kigeni anauliza mkojo wa mke wangu! "Kawaida tu," nikasema. Kaltuma akanivuta shati, akaninong'oneza. Nikamwambia anyamaze, daktari yuko kazini.

Mzee akarudisha vidole kwenye ule mshipa, akakaa nao muda mrefu. "Baba, mdomo yako nasema sawa. Mkono ya mama nasema hapana. Nani mgonjwa?"

"Mimi ni mume wake," nikamjibu, kana kwamba hilo ni jibu.

Akatikisa kichwa. Akatupatia mizizi ya kuchemsha, akasema, akarudia, kwamba mama aende hospitali apimwe damu. Hilo nalo sikumtafsiria Kaltuma. Niliifikiria ile foleni.

Ilikuwa kisukari. Tulikuja kujua tulipomfikisha hospitali hajitambui, na hakurudi nyumbani. Siku za msiba, jirani yetu Mama Ekiru, ambaye kinachotutenga naye ni bati moja tu, akaniambia kila usiku alikuwa anamsikia Kaltuma akichota maji mtungini na kufungua mlango wa choo, mara nne, mara tano. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia hichohicho, na sikujua.

Wanasema pia mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini yeye hakuficha. Niliyemfichia ni mimi, na aliyekwenda ni yeye. Hayo nayatafuna kila jioni kwenye kiti changu cha plastiki, na hayaishi.

Kwa hiyo mwanangu, weka simu chini kidogo unisikie. Mganga awe wa vidole au wa mashine, anaanza na kuuliza, na mwenye kujibu ni anayeumwa. Ukifanywa mkalimani, beba maneno yote, hata yale yanayokuchoma uso. Aibu hupoa, mwili ukishapoa umepoa. Na ukiambiwa mpeleke hospitali, mpeleke siku hiyohiyo, foleni haijawahi kuua mtu kama uvivu. Mungu akupe sikio refu kuliko ulimi, akuzeeshe pamoja na umpendaye, na sauti yake isikauke nyumbani kwako. Amin.

Jana nilimsomea Mama Ekiru haya yote niliyokuandikia, nikisubiri sifa. Akaendelea kuchambua maharagwe yake, kisha akaniambia: "Baba Guyo, umeongea wewe, ameongea Mchina, hata mimi nimo. Kaltuma alikunong'oneza nini? Mpaka leo bado unamnyamazisha."