Mama Aliponiuliza Wakili

Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kusimama nje ya mahakama akivuta watu mikono waje kwa wakili wetu. Wakili mwenyewe, Mhindi mkavu asiyependa maneno mengi, alinipa kiti cha karani huyo pamoja na onyo.

"Hapa hatuwindi mtu. Tukimtendea mtu vyema, atamwambia jirani yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Nililishika neno hilo kama amri ya kumi na moja.

Nilikuwa nimepanga Mwananyamala, kwa mama mmoja wa pwani. Nilipofika kutoka bara sina hata mkeka, yeye ndiye aliyenilisha. Kisha mumewe akafa, na kabla ya arobaini shemeji yake akadai shamba la minazi, ambalo ndilo pekee alilobakiwa nalo. Mama yumo edani, hatoki. Akaniita, akasema nami kutoka nyuma ya pazia.

"Mwanangu, wewe wa mawakili. Nimwite yupi?"

"Wapo wengi mjini, mama. Mie siwezi kukuchagulia."

Nikaondoka najiona mwadilifu. Kwa kweli nilikuwa mwoga tu, nilikihofia kiti changu.

Basi kibaya kikajitembeza mpaka mlangoni kwake. Alikuja dalali, kanzu imenyooka kwa pasi, akasema ametumwa na wakili mkubwa wa mjini. Akapitisha karatasi chini ya pazia, mama akatia dole gumba, akidhani anafungua kesi. Kumbe ilikuwa hati ya kumwachia shemeji shamba lote.

Nilipopata habari nilimpelekea wakili wetu nakala ya hati hiyo. Aliisoma mara mbili.

"Huyu mama alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Nilikukataza kukimbiza watu. Nilikukataza kumjibu anayeuliza?"

Alilipigania shauri lile kwa moyo, lakini dole lilikuwa la mama na mashahidi wawili wa dalali waliapa hivyo. Tukashindwa.

Eda ilipokwisha, mama alifunga mizigo aende kwa nduguze Boko. Nilimkuta uani, nikamwamkia, akaitikia marahaba.

"Muuza samaki wa pale njiani," akasema, "ameniambia wakili wako ndiye aliyemrudishia kiwanja chake. Anamsifu kila siku. Mimi nilikuwa ndani, sikumsikia."

Akainama kufunga kamba.

"Nilikusikia wewe, mwanangu."